Sharubati ya Nanasi kwa Siku za Jua Kali

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Sita

Siku za jua kali zikifika kila mtu hutafuta kitu cha kukata kiu. Sisi wa Uganda hatuna majira ya joto na majira ya theluji kama watu wa Ulaya. Mstari wa Ikweta wapita katika nchi yetu, na huku kusini, karibu na ziwa, tuna vipindi viwili vya kiangazi: Desemba mpaka Februari, na Juni mpaka Agosti. Katika miezi hiyo vumbi hupanda, nyasi za kiwanja hukauka, na mtu akitoka mbioni hunywa cho chote alichopewa bila kuuliza kimetengenezwaje.

Kwa sababu hiyo nimeona yafaa niandike juu ya kinywaji kimoja cha matunda na majani ya harufu, ambacho mtu aweza kukitengeneza kwa sufuria moja, kisu kimoja na chujio moja, bila mashine yo yote. Sitaki kutaja vipimo tu na kunyamaza. Nataka kueleza sababu ya kila jambo, kwa kuwa mtu akijua sababu huweza kukitengeneza hata akikosa kitu kimoja au viwili. Kanuni yake ni fupi: kilicho kigumu kiende motoni, na kilicho laini kisiende. Atakayeishika kanuni hiyo atapata utamu, na tena atapata usalama, jambo ambalo ni kubwa kuliko utamu.

JINA LAKE

Neno sharubati limetujia kutoka Kiarabu, na shina lake ni lile lenye maana ya kunywa. Waingereza nao walilipata shina hilo hilo, wakatoa maneno yao ya maji mazito ya sukari na ya vinywaji vya matunda. Kiajemi nacho kina neno gulab, maana yake maji ya mawaridi. Neno hilo lilipita kwa Waarabu na Wazungu, na leo watu wa Kentucky katika Marekani huliita julep, yaani kinywaji chao cha nanaa.

Katika hoteli za Kampala kinywaji cha kuchanganywa huitwa kokteli. Neno hilo lilipoelezwa katika gazeti moja la Hudson, New York, mwaka 1806, maana yake ilikuwa pombe kali iliyochanganywa na sukari, maji na dawa chungu za mitishamba. Siku hizi kokteli nyingine hazina kileo hata tone, nazo huagizwa na watu wazima bila haya. Kwa hiyo asidhani mtu ya kuwa kinywaji kisicho na kileo ni cha watoto.

Lakini hatuna haja ya kwenda New York. Waganda wana kinywaji chao kiitwacho munanansi, ambacho hutengenezwa kwa kuchemsha maganda ya nanasi pamoja na tangawizi, na mara nyingi majani ya chai, kisha hutiwa sukari. Sharubati ninayoieleza hapa ni mtoto wa munanansi. Nimeongeza pasheni, ndimu na majani ya harufu, na nimetenga vya moto na vya baridi.

VITU VITAKIWAVYO

Kwa bilauri 20, kila moja ya robo lita, tafuta vitu hivi:

Mananasi makubwa 2 yaliyoiva.
Pasheni 15.
Ndimu 6.
Tangawizi mbichi, vipande 2, kila kimoja kama kidole gumba.
Mashina 4 ya mchaichai.
Majani ya nanaa au ya mujaaja, kiasi cha kujaza kiganja.
Sukari gramu 300.
Chumvi kidogo, kama iwezavyo kushikwa kwa ncha za vidole viwili.
Maji lita 4.

Mujaaja ni mmea wa jamaa ya mrehani ambao Waganda wengi huupanda karibu na nyumba na kutia majani yake katika chai. Mchaichai ndio Waganda wauitao kisubi. Asiye na nanaa asisumbuke. Mujaaja wamfaa, na mchaichai peke yake hutosha.

Inapendeza kufikiri vitu hivi vilivyosafiri. Nanasi na pasheni asili yake ni Marekani ya Kusini. Christopher Columbus na watu wake waliliona nanasi katika kisiwa cha Guadeloupe mwaka 1493. Tangawizi, ndimu na mchaichai vilitoka Asia. Muwa wa sukari ulitoka upande wa New Guinea, na hapa Uganda viwanda vya sukari vya Lugazi na Kakira vilianzishwa katika miaka ya 1920 na 1930. Basi katika sufuria moja ya kijijini mabara mawili hukutana na la tatu, na aliye mwenyeji wa zamani zaidi humo ndani huenda ikawa ni mujaaja.

VYA MOTO

Anza kwa kuosha mananasi kabla ya kuyamenya. Watu wengi huosha nyama ya tunda baada ya kumenya, na hilo ni kazi bure, kwa maana kisu kimekwisha kupitisha uchafu wa ganda ndani. Mpishi wetu wa shule, mzee aliyepikia wanafunzi wengi kuliko ninaoweza kuwahesabu, alitupa brashi ngumu na kusema, "Wanangu, ganda la nanasi ni kama soli ya kiatu. Limelala shambani, limelala kwenye lori, limelala chini sokoni. Lisugueni kwanza." Tukasugua mpaka maji ya beseni yakawa rangi ya udongo, na hapo ndipo tulipomwelewa.

Kata kichwa na kitako, menya, kisha toa kile kiini kigumu cha katikati. Nyama weka kando katika bakuli lenye kifuniko. Maganda na kiini usitupe. Ndivyo vitakavyotoa nusu ya utamu wa sharubati yetu. Vitie katika sufuria pamoja na maji lita 4 na tangawizi iliyopondwa. Funika, washa moto, na yakianza kutokota acha yaendelee kwa dakika 20.

Kwa nini maganda yachemshwe? Kwanza, ni magumu, hayatoi utamu wala harufu yake katika maji baridi. Pili, juu ya ganda hukaa vijidudu na hamira za porini zisizoonekana kwa macho, nazo hufa motoni. Tatu, ndani ya nanasi mna kitu kiitwacho bromelini, ambacho kazi yake ni kuvunja-vunja protini. Hicho ndicho kimchomacho mtu ulimi akila nanasi nyingi, na hicho ndicho kifanyacho maziwa yakatike na kuwa machungu yakichanganywa na nanasi mbichi. Bromelini hushindwa na moto. Kwa kuwa imejaa zaidi katika kiini na shina kuliko katika nyama, kukichemsha kiini ni jambo la maana.

Zikibaki dakika 5, chukua mashina ya mchaichai, yaponde kidogo kwa mpini wa kisu, yafunge fundo na kuyatia. Usiyatie tangu mwanzo. Harufu ya mchaichai hutoka katika mafuta yaitwayo sitrali, ambayo pia hupatikana katika ganda la limau, na mafuta hayo hupanda na mvuke na kupotea. Jikoni kukinukia sana, fahamu ya kuwa bilauri itanukia kidogo. Ndiyo sababu ya kifuniko.

Epua. Tia sukari wakati maji yangali ya moto, maana katika maji baridi sukari hukaa chini ya chombo, na mtu wa kwanza hunywa maji matupu na wa mwisho hunywa asali. Tia na ile chumvi. Wenzangu walicheka walipoiona, lakini chumvi kidogo sana haifanyi kinywaji kiwe cha chumvi. Huzuia uchungu wa maganda usisikike ulimini. Kisha funika tena, acha ipoe, na uchuje kwa kitambaa kilichochemshwa.

VYA BARIDI

Mpaka maji yale yapoe kabisa, ndipo viingie vitu laini.

Nyama ya nanasi ipondwe katika kinu safi kilichomwagiwa maji ya moto, au ikunwe, kisha ikamuliwe katika chujio. Mananasi mawili makubwa hutoa kiasi cha lita moja na zaidi kidogo.

Pasheni zioshwe, zikatwe katikati, na nyama yake ikombwe kwa kijiko. Usizisage wala kuziponda. Mbegu ya pasheni ikivunjika hutoa uchungu, na vipande vyake vyeusi hukwama kwenye meno. Tia nyama katika chujio, ongeza maji kidogo yaliyochemshwa na kupozwa, sukuma kwa mgongo wa kijiko mpaka mbegu zibaki kavu.

Ndimu zikamuliwe mwisho, na zisikamuliwe kwa hasira. Ngozi nyeupe ya ndani ni chungu. Ukiona mkono wako unapinda ganda mpaka linalia, umepita kiasi. Ndimu ndiyo iamshayo ladha ya vitu vingine vyote. Nanasi bila ndimu ni tamu tu, kama mtu anayekubali kila neno. Weka ndimu, utaonja nanasi lenyewe. Tena ndimu na pasheni zina vitamini C, ambayo huharibiwa na moto mwingi, kwa hiyo tusizichemshe.

Mwisho ni majani. Yaoshe mara tatu, na mara ya mwisho yaoshe kwa maji yaliyochemshwa. Yaweke katika kiganja, piga kofi moja au mawili, na uyatupe ndani. Usiyatwange. Mafuta ya harufu hukaa juu ya jani, katika vifuko vidogo sana, na kofi moja hutosha kuvipasua. Ukitwanga utapata maji ya kijani yenye ladha ya nyasi. Kama huna hakika na maji uliyooshea, basi yatie majani katika ile sufuria mara tu inapoepuliwa. Harufu itapungua kidogo, lakini hutakuwa na wasiwasi.

Kuna jambo la ajabu katika nanaa. Aina yake iliyo kali ina kitu kiitwacho mentholi, ambacho humfanya mtu aone baridi kinywani ingawa kinywaji hakikupoa hata kidogo. Mwaka 2002 wataalamu wawili, David Julius na Ardem Patapoutian, kila mmoja kwa kazi yake mwenyewe, walitumia mentholi kutafuta kile kilicho katika mishipa yetu ya fahamu kinachotambua baridi, wakakipata. Mentholi hugusa mahali pale pale panapoguswa na baridi ya kweli. Wataalamu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021 kwa kazi yao juu ya joto, baridi na mguso. Basi asiye na barafu na awe na nanaa.

MAJI, BARAFU NA HOMA YA MATUMBO

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mwaka 2015 mji wa Kampala ulipatwa na homa ya matumbo. Kati ya Februari na Juni watu zaidi ya 10,000 walishukiwa kuugua. Wachunguzi wa afya walilinganisha waliougua na wasiougua, wakauliza kila mmoja alikunywa nini. Waliona ya kuwa wagonjwa walikunywa zaidi maji yaliyouzwa katika mifuko midogo, na vinywaji vilivyotengenezwa mitaani, pamoja na maji ya matunda. Si tunda lililowaugua, wala si nanasi lililokuwa na sumu. Yalikuwa maji.

Wakati huo mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Kaka yangu mkubwa alikuwa akifanya kazi katika gereji katikati ya mji, na kila mchana alinunua kinywaji cha matunda chenye barafu, kwa sababu kilikuwa rahisi kuliko soda na kilimfaa zaidi katika jua lile. Hakuna awezaye kusema ni bilauri ipi iliyomwangusha. Lakini alirudishwa nyumbani hawezi kusimama, mama akamwuguza wiki nyingi, na kazi ile akaipata mtu mwingine. Homa ya matumbo ikicheleweshwa huweza hata kutoboa utumbo. Yeye alishukuru kupona.

Nataka wenzangu wafahamu mambo matatu.

La kwanza, baridi haiui vijidudu vya homa hii. Watu wengi hudhani ya kuwa maji yakigeuka barafu yamesafika. Sivyo. Vijidudu vingi hulala tu ndani ya barafu, na barafu ikiyeyuka katika bilauri huamka. Mtu aweza kuchemsha kinywaji chake kwa uangalifu wote, kisha akatupa ndani donge moja la barafu ya maji ya bomba au ya kisima, na kazi yake yote ikawa bure. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Barafu na iwe ya maji yaliyochemshwa, au isiwepo.

La pili, ukali wa ndimu si dawa ya kutegemewa. Ni kweli ya kuwa asidi hudhoofisha vijidudu vya namna fulani, lakini kuvidhoofisha si kuvimaliza. Asiseme mtu, "Nimetia ndimu, yatosha."

La tatu, kuchemsha kwenyewe si jambo gumu. Kwetu huku, kiasi cha mita 1,200 juu ya bahari, maji hutokota kwa nyuzi 96 hivi na si 100 kama pwani. Wengine wakisikia hivyo huogopa. Lakini maji yakitokota kwa nguvu dakika moja kamili, vijidudu vya homa ya matumbo na vya kipindupindu hufa hata kwa nyuzi hizo. Mahali penye mita 2,000 na zaidi, kama sehemu nyingine za Kigezi, yafaa dakika tatu. Sharubati yetu huchemka dakika 20 kwa ajili ya ladha tu. Usalama tumekwisha kuupata njiani.

Hata hivyo mikono, kisu, ubao wa kukatia na chujio navyo vioshwe kwa sabuni, maana vitu vya baridi havipiti motoni tena. Anayeharisha asishike kazi hii, hata kama ndiye fundi wetu.

KUPOZA BILA UMEME

Asiye na jokofu atumie mtungi wa udongo. Mtungi una vitundu vidogo mno. Maji hupenya polepole mpaka nje, na upepo ukiyakausha huchukua joto kutoka katika chombo. Ni jambo lile lile la jasho katika mwili wa mtu. Lakini usitie sharubati yenyewe katika mtungi, kwa sababu sukari huingia katika vitundu hivyo na mtungi huota ukungu. Tia sharubati katika chupa safi zenye vifuniko, zisimamishe ndani ya mtungi wenye maji, na uweke mtungi kivulini penye upepo. Katika kiangazi kikavu njia hii hufaa sana. Siku za mvua, hewa ikiwa na unyevu, hufaa kidogo tu.

KUCHACHA

Rafiki yangu mmoja wa kidato chetu, tulipokuwa tunachuja, alinishika bega akasema, "Kaka, tuiache mpaka kesho kutwa. Itapata nguvu." Wote tulielewa nguvu gani.

Nilimjibu kwa elimu, si kwa mahubiri. Hamira hula sukari na kutoa vitu viwili: kileo, na hewa ya ukaa. Louis Pasteur alionyesha katika miaka ya 1857 mpaka 1860 ya kuwa kuchacha huko ni kazi ya viumbe hai. Moto uliua hamira za maganda, lakini nyingine zimo juu ya nyama, katika pasheni, mikononi na hewani. Kwa hiyo sharubati iliyoachwa kwenye joto siku moja au mbili itaanza kutoa povu. Lakini hamira haziji peke yake. Vijidudu vingine huingia pamoja nazo, na hakuna ajuaye ni vipi vitakavyoshinda. Baadaye hugeuka siki. Na kama chupa imefungwa kwa nguvu, ile hewa ya ukaa husongamana ndani mpaka kioo hupasuka, na vipande vyake havichagui mtu.

"Basi tunywe leo," alisema. Akanywa bilauri tatu.

Kwa hiyo kinywaji cha asubuhi kinywewe siku ile ile. Kilichobaki, kama kuna jokofu, kikae mpaka kesho yake. Kama hakuna, kimwagwe. Ukiona povu au ukisikia harufu ya chachu, usionje ili kupata hakika.

KWA WATU WENGI

Darasa letu lilitengeneza sharubati hii kwa watu 200 siku ya michezo. Hesabu yake ni rahisi: zidisha kwa kumi. Mananasi 20, pasheni 150, ndimu 60, sukari kilo 3, maji lita 40. Lakini tangawizi na mchaichai usizidishe hivyo. Anza na nusu ya hesabu, onja, kisha ongeza, kwa maana ukali ukizidi hauwezi kutolewa.

Tuliwasha moto saa kumi na moja alfajiri. Sufuria kubwa hupoa polepole sana, kwa hiyo tuligawa maji ya maganda katika sufuria nne ndogo, zikasimamishwa katika mabeseni ya maji baridi na vifuniko vyake juu. Saa tano vitu vya baridi vikaingia. Vijana sita walikuwa na kazi ya kutosha, na aliyepewa pasheni ndiye aliyelalamika zaidi. Tulichota kwa upawa mmoja wenye mpini mrefu, na hatukumruhusu mtu kuchovya kikombe chake katika ndoo, hata nahodha wa mpira.

Mtu aweza kuuliza juu ya sukari. Gramu 300 kwa bilauri 20 ni gramu 15 kwa kila bilauri, na juu yake iko sukari ya matunda yenyewe, ambayo nayo yahesabika. Soda ya kola ya mililita 300 ina gramu 30 na zaidi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 ya kuwa sukari ya namna hii isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu tunazopata katika chakula, yaani kiasi cha gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwa chini ya nusu ya hapo ni bora zaidi. Kwa hiyo bilauri moja au mbili ni furaha. Ya tano na iwe ya maji.

Wazee wetu wengine mna mashamba ya mananasi Kayunga na Luwero, na wengine mna maduka na hoteli. Maganda mnayoyatupa ni mali. Na ninyi wenzangu mnaokwenda likizo mjini, mkisimama mbele ya ndoo ya kinywaji cha rangi ya dhahabu, huku koo limekauka na nauli imebaki kidogo mfukoni, mwulizeni muuzaji kwa adabu maswali mawili: "Mama, maji haya yamechemshwa? Na barafu je?" Muuzaji mwema hatakasirika, tena atajivunia kujibu. Akikosa jibu, nunua nanasi zima, lioshe, ulimenye mwenyewe.